Kumuulizia Talal

Kijiwe cha Wawi, hapa Pemba, hakina bango wala mwenyekiti, lakini mtu akitaka kumwoza binti yake kwa kijana wa mtaa huu, hapa ndipo anapopita kwanza kumuulizia. Wazee hawa wameshavunja posa ngapi kwa kukohoa tu! Basi siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, dele la kahawa limejaa na vikombe vinazunguka, Jecha akafika roho juu. Mwanawe Talal ameomba kusoma chuo cha biashara Unguja, na nafasi ya kusomeshwa bure ni moja tu. Fomu ilitaka majina ya watu wanaomjua vizuri, waulizwe ubora wake na udhaifu wake. Mtoto, Mungu amsamehe, akawaandika hawa.

— Na mtu wa chuo yuko njiani, alisema Jecha. Kapiga simu, yuko Chake, mjini.

— Leo hii? aliuliza Hamad, wanayemwita Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki. Basi tumsifu, tumalize!

— Sifa peke yake hazitoshi. Wanataka na udhaifu.

Hapo kila mtu akainamia kikombe chake. Kusifu wanajua, lakini kutoa aibu ya mtoto wa mwenzao mbele ya mgeni ni jambo jengine.

— Yakhe, Mungu kamsitiri, mie nani nimfunue? alisema Usama, ambaye jina lake la kijiweni ni Daktari, maana hakuna maradhi asiyoyatibu kwa habasoda.

— Wanataka mmoja tu, Daktari. Asiye na udhaifu wanamwona mwongo.

— Mmoja? Basi sema hana mke.

— Huo udhaifu wa biashara?

— Ndio wenyewe! Asiye na mke nani atamwamsha alfajiri?

— Anaamka mwenyewe, alisema Jecha. Jua halijatoka keshakata maembe ya achari sufuria zima.

— Aaa, ile achari! Redio alimeza mate. Andika hapo, ubora wa kwanza. Kwangu wali haushuki bila ile.

— Kwangu juzi imekwisha kabla ya samaki kuiva, alisema Daktari. Lakini mie nimemchunguza yule kijana. Udhaifu wake ni sauti. Anazungumza polepole mno. Mfanyabiashara shurti apayuke.

— Wapi! alidakia Redio. Anayepayuka ni dalali. Tajiri hunong'ona, na watu wakamsogelea.

— Basi kichwa. Kichwa chake kidogo, hesabu zote zile zitakaa wapi?

— Kichwa kidogo kinapoa haraka, alisema Redio, na sasa alikuwa amesimama. Ndiyo maana Talal hagombani na mtu. Mmeshamwona kakunja uso? Hamjamwona! Na biashara ni ubishi, ubishi unataka joto, na sisi huku tunapigwa na upepo pande zote nne. Kwa hiyo udhaifu wa Talal, jamani, ni hali ya hewa!

— Allahu akbar, alisema Daktari. Hilo sikulifikiria.

Jecha hakucheka. Mwaka jana Talal alikataliwa na chuo, akakaa siku tatu bila kusema na mtu.

— Msinichezee mtoto, alisema. Nakuombeni.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, baibui safi, faili kwapani. Akasalimia, akaitikiwa kwa heshima zote, akapewa kiti na kahawa. Bi Suhaila, kutoka chuoni. Akafungua karatasi iliyochorwa safu mbili, ubora huku na udhaifu huku, kisha akamwacha Redio aseme. Redio akasema, wallahi, mpaka kahawa ya mgeni ikapoa. Bi Suhaila hakuandika hata neno.

— Hiyo achari yake mnaila? aliuliza.

— Kila siku! walijibu wote pamoja.

— Vizuri. Chupa moja anauza bei gani?

Daktari akamtazama Redio. Wote wawili wakamtazama Jecha, na Jecha alihisi uso unamuwaka, maana naye hakujua. Maembe yanatoka kwa nani alijua, na siki inachemka muda gani alijua. Bei hakuwahi kuisikia. Kila chupa iliyofika barazani ililetwa na salamu tu, na wao wakapokea, wakashukuru, wakala.

— Ngojea, Bi, alisema. Tumuulize mwenyewe.

Akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

— Talal, kuna mama hapa anataka chupa ya achari. Bei gani?

Ikasikika sufuria inafunikwa.

— Bei gani, mwanangu? Sema tu.

— Ni mgeni wenu, Baba?

— Mgeni wetu.

— Basi mpe tu, Baba. Mwambie karibu.

Bi Suhaila akafungua kalamu, akaanza kuandika, na hakuna aliyethubutu kuchungulia anaandika safu gani.