Shangazi wa Ilungu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Mlioko Kipili mnaoanika dagaa, mlioko Mtowisa kwenye joto lenu, na ninyi wa hapa Milanzi mliojitanda mablanketi kwa baridi hii, karibuni. Leo tunamkumbuka Profesa Albina Kauzeni. Alizikwa Jumamosi kijijini kwao, huku huku kwetu Ufipa. Alikuwa mhifadhi wa makumbusho, kisha akawa profesa wa mambo ya urithi. Nasema tena kwa aliyefungua redio sasa hivi: mhifadhi wa makumbusho, kisha profesa.

Na huyu mama, wapendwa, aliwahi kuwa shangazi wa tanuri. Msicheke. Nitawaeleza.

Albina alizaliwa kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Shambani kwao lilisimama ilungu. Vijana huenda hamjui: ilungu ni lile tanuri refu la udongo ambalo babu zetu waliyeyushia mawe ya chuma. Linampita mtu urefu hata akinyoosha mkono. Lao lilikuwa limepoa zamani, kuku wanatagia humo.

Mdogo wake, Christopha, anasema, "Sisi wengine tulijificha mle ndani tukikwepa kuchunga. Dada alikuwa analizunguka tu, anapapasa ukuta. Mama akimwuliza unatafuta nini, anajibu, namtafuta aliyelijenga."

Akasoma. Akapata kazi katika jumba la makumbusho, Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kutunza vitu vya kale: visishike vumbi, visiliwe na mchwa, viandikiwe maelezo. Na humo, katika vitu alivyokabidhiwa, mlikuwa na mirija ya udongo ya ilungu na jembe la zamani la Kifipa. Binti yake, Jenifa, anakumbuka, "Mama alilishika lile jembe kama anabeba kitoto kichanga."

Siku moja mgeni mmoja, mama wa makamo, akaielekezea kidole ile mirija, akamwuliza, "Dada, huu moto ulikuwa unaingilia wapi?" Albina akaeleza urefu wa tanuri, akaeleza udongo, akaeleza lilikotoka. Yule mama akatikisa kichwa. "Hayo nimesoma hapo ukutani. Mimi nauliza moto."

Albina akaitazama ile mirija. Ilungu la baridi alilijua lote. Linalowaka hakuwahi kuliona.

Jenifa anasema jioni ile mama yake hakugusa chakula. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nalinda maiti ya mtu ambaye sikumwona akiwa hai."

Basi ndipo alipoiacha kazi ya makumbusho. Wenzake walimshangaa. Akarudi darasani mtu mzima, na watoto nyumbani, akasoma mpaka akawa profesa. Kila kiangazi alipanda huku kwetu na wanafunzi wake, wakipita vijiji na vijiji kuyapima malungu ya zamani. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja tu. Alitaka kuona ilungu linawaka, kabla hajafa mtu wa mwisho aliyejua kuliwasha.

Mtu huyo alikuwa Mzee Yonas. Ujanani alikuwa amefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Sasa alikuwa mzee wa kushikwa mkono kwenda kanisani. Akifa yeye, basi.

Albina alipomwomba awaonyeshe kuliwasha, Mzee Yonas alimpa jibu hili: "Binti, ilungu ni bibi harusi. Linapambwa, linaimbiwa, ndipo linazaa chuma. Na mwanamke hasogei."

"Nitakaa mbali, babu," Albina akasema.

Na kweli alikaa mbali, kule barabarani, juu ya jiwe. Profesa mzima! Wanafunzi wake ndio waliojenga na wazee. Udongo wakauchukua kule wanakofyatulia matofali, kwa sababu gari lilifika. Zamani ulichukuliwa udongo wa kichuguu. Albina alilijua hilo, alikuwa amelifundisha mwenyewe, lakini kiangazi kilikuwa kinaisha, akasema haya, chukueni huo.

Wakawasha. Moshi ukatokea ubavuni. Walipobomoa mlango mlikuwa na makapi meusi matupu. Chuma hakuna.

Mzee mmoja akatema mate pembeni. "Si tulisema? Mwanamke ameliangalia."

Christopha akawaka. "Ameliangalia toka kule barabarani? Macho ya dada yangu yana miguu?"

Ikawa kelele. Ndipo Albina akapaza sauti kutoka kule kwenye jiwe lake. "Babu Yonas! Wewe uliona nini?"

Mzee Yonas akajibu polepole. "Niliona nyufa. Tangu juzi."

"Mbona hukusema, babu?"

"Bibi harusi hatajwi kasoro na mtu yeyote tu siku ya harusi yake. Zamani tulikuwa na mzee wetu wa kumnong'oneza. Alishakufa. Ulitaka aseme nani?"

Wazee wenyewe walikuwa wameiona ile ajali inakuja, na desturi yao ikawafunga midomo. Christopha, kwa hasira zake, akasema, "Na bibi harusi gani huyu hana hata shangazi wa kumwambia?"

Watu wakacheka. Mzee Yonas hakucheka. Alichora udongo kwa fimbo. Kisha akaita, "Albina. Njoo."

"Nisogee, babu?"

"Shangazi hakai barabarani kama anasubiri basi."

Wasikilizaji wapendwa, mzee mmoja alinyanyua kigoda chake akaenda zake nyumbani. Kesho yake alirudi nacho, akakaa palepale.

Wakajenga upya. Safari hii ni udongo wa kichuguu, umebebwa kichwani. Kila asubuhi Mzee Yonas alilizunguka ilungu, akiona kasoro anamnong'oneza Albina. Albina anasogea, anaweka mdomo karibu na ukuta, anasema taratibu, "Mwanangu, hapa umepasuka kidogo. Ngoja shangazi akupake." Anapaka. Wanafunzi wake, wenye kompyuta zao, walikuwa wakimtazama wasijue waandike nini.

Wakaimba. Wakawasha.

Nilikuwepo, kwenye kundi la akina mama, mbali kidogo. Nawaambia nilichokiona. Hakuna aliyepuliza. Hakuna mvukuto. Ilungu lenyewe lilianza kuvuta upepo wa uwanda wetu huu, likiuingiza kwa mirija ya chini, mpaka likanguruma. Udongo, wapendwa! Udongo uliokuwa kichuguu cha mchwa, unapumua. Ardhi tuliyokanyaga ilitetemeka, nasi tukajikuta tumesimama wote, hakuna aliyetuambia simameni. Albina alikuwa ameweka kiganja chake karibu na ukuta, machozi yanamtoka, anarudia, "Kumbe ndivyo ulivyo. Kumbe ndivyo ulivyo."

Moto ulipokwisha kazi yake, likatoka pande la chuma. Mawe ya mlimani yamekuwa chuma. Mzee Yonas akalipigapiga kwa fimbo, akasikiliza, akasema, "Amejifungua salama."

Mhunzi akalifua likawa jembe. Makumbusho wakaliomba. Albina akawajibu, "Mnayo yaliyolala. Hili liacheni lilime." Akampa Christopha, nalo likalima ulezi, mwaka baada ya mwaka. Mzee Yonas alitangulia. Lakini wale wanafunzi wanajua sasa, na wameshawasha mengine bila yeye.

Jumamosi, makaburini, vijana walikuja na majembe ya dukani. Christopha akawazuia. Alikuja na lile, limelika ncha, mpini umeshabadilishwa. Yule mzee wa kigoda, ambaye sasa hatembei vizuri, akaomba aanze yeye. Akapiga udongo mara chache kwa jembe lile, akapumzika, akasema, "Pisha, shangazi anaingia." Ndipo vijana wakaendelea.

Christopha, pole sana, mwanangu. Jenifa na ndugu zako, poleni. Wanafunzi wake wote, poleni. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tufikiri kidogo. Yuko mtu nyumbani kwako anajua kitu, na amenyamaza. Pengine si kwamba hataki kusema. Pengine hakuna aliyepewa nafasi ya kusimama karibu naye akasikia. Leo, kabla hujalala, msogelee.