Kopo la Misumari la Fundi Msumeno

Tumekuja kumsindikiza fundi seremala ambaye wengi wenu mlimwita Msumeno, na haya yameandikwa na binti yake wa mwisho, aliyekagua kila tarehe mara tatu, kwa agizo la marehemu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1981, akajifunza useremala kwa kaka yake, ndiye Baba Mkubwa aliyeketi hapa mbele, na mwaka 1994 akafunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 11 Agosti 2006, baada ya nimonia kumwangusha mara mbili, alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi, akaanza dawa, na kwa kuwa vidonge vilikuwa vikilia ndani ya chupa mfukoni na watu wangejua, alivihamishia kwenye kopo la misumari lenye pamba, akalificha chini ya meza ya randa.

Mwaka 2016 pumzi ilianza kumkatika, kifua kikawa kinakereza, mafundi wakimtania, "Msumeno, leo unapasua gogo gani?", naye akicheka mpaka ashike ukuta, lakini Baba Mkubwa, aliyejua habari za dawa, hakucheka, kwani aliamini mdogo wake ameacha dawa.

Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, Baba Mkubwa alilikuta kopo limejaa, akasema, "Kumbe huzimezi, unatufanya wajinga," akampiga kwa nyundo ya mti, akamvunja mbavu mbili na jino, akamburuta juu ya maranda hadi mlangoni, na marehemu, asiye na pumzi ya kujieleza, alinyoosha vidole vitatu tu, yaani jana yake alipewa dawa za miezi mitatu.

Hospitalini damu ilionyesha virusi vimefifia hadi havionekani, ila alipopuliza kwenye mashine, mapafu yalikutwa yakifanya kazi chini ya nusu, daktari akaeleza kwamba mtu anaweza kumeza dawa zake zote na bado mapafu yakabaki na makovu ya nimonia za zamani na madhara ya virusi vyenyewe, vumbi la mbao likazidisha, na Baba Mkubwa akajigonga kichwa ukutani mpaka wauguzi wawili wakamshika.

Tangu hapo ndiye aliyembeba mgongoni kupanda ngazi za kliniki, hadi Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, pumzi ilipomshinda, saa moja baada ya kumeza kidonge.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na Baba Mkubwa, aliyeranda jeneza hili mwenyewe na kuomba haya yasomwe bila kupunguzwa.

Marehemu aliagiza kopo lifunguliwe mbele yenu, na vidonge vilivyomo ni kumi na tisa, kimoja kwa kila siku iliyobaki kabla ya kliniki ya tarehe 3 Juni.

Pumzika, Baba, hukuruka hata siku moja.