Siku Aliyonyamaza Mwalimu Makarius Ntakije

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Busunzu leo Jumapili, tarehe 16 Septemba 1979, tunaomba mtuvumilie kidogo. Wasifu wa marehemu wengi tumeshausikia, na ukizifuata zile karatasi utadhani huku Kibondo wanakufa malaika watupu. Huu si wa namna hiyo. Tunayemzika alikuwa mtu mwema, tena msomi mkubwa, lakini amekufa na jambo moja limemkaa kifuani. Nyumba yake imeona ni haki lisemwe mbele yake kabla hatujamfukia.

Makarius Bazilio Ntakije alizaliwa hapa hapa Busunzu tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Bazilio, katekista, na Mama Yustina. Kama mchunga mbuzi alikuwa hovyo kabisa. Akikutana na mtu njiani alisimama kutoa salamu yetu ya Kiha yote, na makofi yake, na habari za nyumba nzima mpaka ndama, huku mbuzi wakiingia kwenye mahindi ya watu. Alichapwa sana kwa ajili hiyo na hakubadilika.

Alisoma shule ya misheni huku Kibondo, akaendelea Kasulu, kisha Tabora, ambako alihitimu ualimu mwaka 1953. Mwaka 1961 alipata nafasi ya kwenda Marekani kusomea saikolojia. Huko alikutana na walimu waliosema kwamba mtu mwenye shida si mashine iliyoharibika. Walisema ana uwezo wa kuiona njia yake mwenyewe, mradi apate mtu wa kumsikiliza kwa moyo mweupe, asiyemhukumu wala kumwamulia. Makarius aliyashika maneno hayo kama alivyokuwa ameishika ile salamu. Alirudi mwaka 1967 na shahada ya uzamivu na suti moja.

Watu wa ukoo walimiminika kutaka ushauri wa daktari. Huyu ana kesi ya shamba, yule mke amerudi kwao. Makarius aliwakalisha, akawasikiliza mpaka jua likazama, na hakumpa hata mmoja jibu. Mama Yustina alivumilia, mwisho yakamshinda. "Makarius, mwanangu," alimwambia, "yaani wamekupandisha ndege mpaka Marekani kwenda kujifunza kunyamaza? Mbona Khatibu wa dukani hajasoma, na ukimuuliza anakujibu?" Makarius alicheka mpaka machozi, na hadithi hiyo aliisimulia katika kila darasa alilofundisha.

Maana alifundisha kweli. Kuanzia mwaka 1969 aliongoza mafunzo ya walimu na maofisa ustawi wa jamii hapa Kibondo na kule Kasulu, na wanafunzi wake leo wako Iringa, Mtwara, Mwanza. Kijitabu chake cha namna ya kumsikiliza mtu kilipigwa chapa tena na tena, na wasomi walitoka Nairobi na Kampala kuja kumwona akifanya kazi. Mzee Omary, naye mwenye duka, ambaye yupo hapa, anajua kazi hiyo ilikuwaje. Alipofiwa na mkewe Mwamvua alifunga duka, akagoma kula na kusema na watu. Makarius alikuwa anakwenda jioni, anaketi naye kibarazani, kahawa inapoa, hakuna anayesema. Siku moja Omary akaanza kulia, akasema mpaka adhana ya isha, na kesho yake akafungua duka.

Alifunga ndoa na Winifrida, muuguzi, tarehe 12 Oktoba 1968 huko Kasulu. Walijaliwa watoto wawili, Stanislaus na Skolastika. Winifrida mwenyewe husema kwamba ukigombana na Makarius unagombana peke yako, na kwamba hakuna kitu kinachochosha kama hicho.

Sasa tunafika mwaka 1972. Mwaka ule wenzetu wa Burundi walivuka mpaka kwa maelfu wakikimbia mauaji, na Makarius aliitwa kusaidia kwenye kituo cha mapokezi. Hakuhitaji mkalimani, Kiha na Kirundi vinasikilizana. Hapo ndipo alipomkuta Ndayiragije, fundi seremala, amefika na binti yake wa miaka tisa, Immakulata. Mkewe na mtoto mchanga walikuwa wamebaki ng'ambo ya mto Malagarasi.

Ndayiragije alikuja kwa Makarius akiwa na swali moja tu. "Mwalimu, niambie. Nirudi kuwatafuta, au nisirudi?"

Makarius akamjibu kama alivyofundishwa, na kama alivyowafundisha mamia ya watu. "Wewe mwenyewe, moyo wako unasemaje?"

"Moyo wangu unataka kwenda. Ndiyo maana nakuuliza wewe, usiye na mke kule."

Makarius alinyamaza. Na hapa ndipo penye jambo. Siku mbili kabla, Abbasi, dereva wa lori la chakula, alikuwa amemwambia kwamba askari wamekaa kwenye kivuko, na kwamba wanaorudi hawaonekani tena. Alijua. Lakini aliamini kwamba akilitamka hilo atakuwa amemwamulia mtu mzima maisha yake, na imani yake ilikataza. Alimsikiliza vizuri sana, pengine hakuwahi kumsikiliza mtu vizuri namna ile. Ndayiragije alimshukuru, akamwomba amtazamie binti mpaka Jumapili, akaondoka kwenda kuwatafuta, ametulia.

Jumapili ilipita. Wiki iliyofuata Abbasi alileta habari: watu waliokuwa wakivuka kurudi wamekamatwa pale kivukoni na kuuawa, seremala mmoja akiwemo. Makarius alimchukua Immakulata, akamleta nyumbani.

Ndugu zangu, mtu huyu hakuwa tena yule tuliyemjua. Mbele za watu aliendelea na kazi, lakini nyumbani aliacha sahani imejaa, na salamu yake ikawa fupi. Winifrida alimwambia, "Si wewe uliyeua." Alimjibu, "Ningesema maneno manne tu, askari wako pale kivukoni. Nilikuwa nayo mdomoni, Winifrida. Niliyameza nikijiona mstaarabu."

Mwaka 1976, Immakulata alipokuwa na miaka kumi na mitatu, Makarius alimwambia yote. Binti alikuwa jikoni anachambua maharage. Alisikiliza, hakuinua macho, akaendelea kuchambua. Baada ya siku hiyo hakumpa tena salamu ya mtoto kwa mzazi. Alimtii, alimfulia, alimwita Mwalimu, basi. Sisi ndugu zake tulikasirika, tukasema mtoto hana shukrani. Makarius alitukemea kwa ukali ambao hatukuuzoea. Alisema binti ana haki yake, na mtu asimguse.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa walimu Kasulu, alisimama mbele ya wanafunzi wake akawaeleza alichofanya, bila kujipunguzia. Akasema, "Ukijua daraja limekatika, mwambie mtu daraja limekatika. Ukishamwambia, ndipo umsikilize." Wapo waliosema mzee ameitupa elimu yake mwenyewe. Kijitabu chake alikataa kisichapishwe tena mpaka aongeze sura ya maneno hayo, na aliiongeza.

Ugonjwa wa ini ulimwanza mwezi wa Novemba mwaka jana. Alilazwa Kasulu mara mbili, na mwezi wa saba aliomba arudishwe nyumbani. Winifrida alimuuguza kwa mikono yake, na Immakulata, aliyekuwa likizo ya shule, ndiye aliyekuwa akimnywesha uji. Siku moja, Winifrida akiwa mlangoni, Makarius aliuliza jambo ambalo katika kazi yake yote alikuwa amekataza watu kumbana nalo mtu. "Immakulata, umenisamehe?"

Binti aliweka kikombe chini. "Hapana, Mwalimu. Nimejaribu, haijaja. Na sitaki kukudanganya kwa sababu unaumwa. Kila siku namtaka baba yangu." Kisha akasema, "Ila kesho nitakuja tena na uji, na kesho kutwa."

Winifrida anasema Makarius alilia, lakini si kwa uchungu tu. Akamwambia, "Ahsante kwa kuniambia ukweli. Mimi sikumfanyia hivyo baba yako." Binti alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na siku zote zilizobaki. Ijumaa asubuhi, tarehe 14 Septemba, Makarius alifariki dunia, Winifrida na Immakulata wakiwa wamemshika.

Juzi, tulipokuwa tunaandika karatasi hii, wazee walibishana Immakulata aandikwe wapi. Mmoja alisema kwa wageni, mwingine akasema kwa waliolelewa. Winifrida akawaambia wamuulize mwenyewe. Binti alifikiri, akasema, "Niandikeni kwa watoto. Ila jina la baba yangu msiliondoe."

Basi tunasoma kama alivyosema. Marehemu ameacha mjane, Winifrida. Dada wawili na mdogo wake mmoja. Na watoto watatu: Stanislaus Makarius, Skolastika Makarius, na Immakulata Ndayiragije.

Mungu ampokee Makarius, na ampe utulivu ambao hapa kwetu aliukosa. Na Ndayiragije, ambaye hakuna aliyemsomea wasifu wala kumchimbia kaburi, naye leo tunamwombea pumziko, hapa hapa, mbele ya binti yake.