Niliushuka Mlima Peke Yangu, Injini Ikinguruma

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa kwenye benchi na ninyi mliosimama mlangoni! Asifiwe hapa Wamaza, asifiwe kule Kabambare, na asifiwe katika kila kona ya ile njia iliyo kati ya hapa na kule, maana habari niliyo nayo leo ni habari ya njia.

Wengi wenu mnanifahamu. Kwa wageni nasema: mimi ni Madame Yuliana, mkuu wa shule yetu ya msingi, mama wa miaka hamsini na mmoja. Nitaeleza taratibu, kama ninavyofundisha, ili hata mtoto aliyekaa nyuma kabisa asipotee. Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda huu kwa unyenyekevu. Nimejaribu, Mchungaji, nimeshindwa! Bwana amenifanyia jambo kubwa, na nitalisema nikiwa nimenyoosha shingo.

Ndugu zangu, mnaujua mlima wetu, ule mrefu unaotutenga na Kabambare. Na mnajua tabia yetu ya kuushuka. Mafuta yanauzwa kwa chupa kando ya njia, kwa hiyo mwenye pikipiki akifika kileleni anazima injini, anaiacha huru bila gia, na pikipiki inateremka yenyewe. Unasikia upepo tu masikioni. Unajiona mjanja sana! Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo. Wakati huo nilikuwa mwanamke pekee wa eneo hili aliyeendesha pikipiki ya shule, na nilipenda watu wanione.

Miaka saba iliyopita nilishuka hivyo asubuhi moja ya mvua. Katikati ya mteremko nikakanyaga freni, yaani breki, zikakataa. Nikakanyaga tena, hakuna kitu! Pikipiki ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nilianguka kwenye kona ya mawe meupe, mfupa wa bega ukavunjika, na meno yangu mawili yako kule mpaka leo.

Mfupa uliunga. Moyo ulikataa kuunga. Watu wakaniambia mlima ule una pepo wake na hapendi wanawake, nami nikaamini, mimi mwalimu! Nikafunga siku tatu, nikafunga siku saba, nikawekewa mikono. Lakini nikisikia pikipiki inawashwa, jasho lilinitoka mgongoni. Pikipiki ya shule ikakaa ofisini, nimeifunika kitenge kama maiti.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uchungu. Mtu anadhani hofu yake ni yake mwenyewe. Nilidhani hivyo. Kila mwaka dosie za wanafunzi wa darasa la sita, zile karatasi zenye jina na picha ya mtoto, lazima zifike ofisi ya elimu kule Kabambare kabla ya siku iliyopangwa. Zisipofika, mtoto haketi mtihani wa taifa, na mwaka wake umekufa. Mimi nilikuwa nazituma kwa mkono wa wengine. Mwaka juzi zilichelewa siku moja. Siku moja tu! Wanafunzi wanane hawakuketi. Kati yao alikuwa Furaha, msichana aliyekuwa anakokotoa hesabu kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Hakurudi shuleni. Alikwenda Lusangi kuosha mchanga wa machimbo, na siku niliyokutana naye sokoni alinisalimia kwa heshima, akainamisha macho. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu nikajiapiza kwamba dosie nitazipeleka mimi, nikiwa abiria, nimefumba macho, hata iwe vipi. Tulikwenda Kasongo na msaidizi wangu, Mwalimu Petro, yeye akiendesha pikipiki ile ya shule. Kule kuna umeme wa kutosha kutoa picha na nakala, na kuna fundi wa pikipiki, tukamwachia aitazame. Tulifika Jumatano. Ofisi ya Kabambare ilikuwa inafunga orodha Ijumaa saa sita mchana. Jioni ile ile Mwalimu Petro akapigiwa simu: mama yake amefariki Kindu. Nililia naye, nikamfungia chakula cha safari, akaondoka.

Nikabaki Kasongo na pikipiki, na mfuko wenye dosie ishirini na mbili.

Alhamisi alfajiri nilikwenda kwa vijana wa pikipiki pale karibu na soko. Niliwaomba mmoja anipeleke.

"Kabambare? Na mvua hii? Madame, mimi niko na bibi na batoto," alisema wa kwanza.

"Lori mbili zimelala kule tangu juzi," akasema mwingine. "Ngoja Jumanne."

"Jumanne ni kuchelewa, baba."

"Basi uombe, Madame. Si ninyi muko bantu ba maombi?"

Wakacheka wote. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanaogopa kama mimi, ila wao walikuwa wengi.

Nilikwenda kuichukua pikipiki kwa fundi, Mzee Ramazani, Mwislamu wa pale Kasongo, mzee mwembamba mwenye kofia iliyojaa grisi. Aliponiona nimesimama mbali na pikipiki akauliza kama inauma. Sikujua kwa nini, lakini nilimweleza yote: mlima, kona, meno, wale wanane. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa miaka saba:

"Siku ile, motere ilikuwa inawaka ao ulizimisha?"

"Nilizimisha, kama kila mutu."

Akapiga ulimi. Akaisimamisha pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Akasema, "Zungusha na mukono." Nikazungusha, likaenda mbio, laini kabisa. Akaingiza vitesi ya kwanza, yaani gia ya kwanza, kwa mguu. "Zungusha tena." Ndugu zangu, gurudumu lilikataa! Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, likasogea kwa kunung'unika.

"Umeona nani anashika?" akasema. "Motere. Ukiiweka mu vitesi ya kwanza na usiizimishe, inakushikia gurudumu mpaka chini. Freni inasaidia tu. Ukiizimisha na kuiacha huru, uko na freni peke yake, na freni inachoka kama mutu. Mulima hauna kosa, Madame. Walikufundisha vibaya."

Akanifanya nipande na kushuka kile kilima kinachoelekea mtoni, mara kumi na mbili. Mara ya kwanza nilitetemeka mpaka kofia ikanifunika macho. Akakimbia pembeni yangu akipiga kelele, "Acha mukono! Mukono wako unatafuta ufunguo!" Kweli, mkono wangu wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe kuzima injini. Mara ya kumi na mbili haukwenda. Alikataa zawadi yangu, akasema niwaambie watoto wasome.

Msishtuke, wapendwa. Niliomba miaka saba Mungu aniondolee woga, na jibu lake lilikuja kwa mikono ya mzee wa msikitini yenye grisi. Sijui kwa nini Bwana alichagua njia hiyo. Najua tu kwamba ni yeye!

Niliondoka Kasongo kabla ya adhuhuri, peke yangu, dosie nimezifunga kwa plastiki mbili nyuma yangu. Nilikwenda polepole mno, baiskeli zilinipita. Lakini nilikuwa nakwenda! Michikichi ilikuwa inang'aa baada ya mvua, mpunga umesimama kijani pande zote mbili, na kwenye madaraja ya magogo nilishuka nikasukuma huku nikiimba. Jioni nilifika hapa Wamaza, nikatafuta wa kuniendesha mlimani, nikakuta vijana wenye pikipiki karibu wote wako machimboni. Kaka yangu akasema, "Dada, acha. Hao watoto wataketi mwaka kesho." Nikamjibu, "Hivyo ndivyo tulivyomwambia Furaha." Akaniletea mafuta chupa mbili.

Ijumaa kulipopambazuka nilianza kupanda. Ndugu zangu, ni mara ngapi tumepanda mlima ule tukitazama matope tu? Siku ile niliutazama. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa ndani ya kibuyu, vilele vimetoka juu yake kimoja baada ya kingine, na jua lilipofika, ukungu ukafunguka nikaona mashamba, moshi wa majiko, na mbali kabisa mstari wa maji ya Luama ukimetameta. Hii ni nchi yetu! Watu husikia jina la Maniema, jimbo letu, wakafikiria vita tu. Nikasema kwa sauti, "Bwana, umetupa mahali pazuri hivi, na mimi nimekaa miaka saba bila kupaona."

Halafu nikafika kileleni, njia ikainama, na mwili wangu ukagoma.

Nilizima injini na kukaa juu ya jiwe. Ilikuwa saa tatu. Sikuweza hata kuomba kwa maneno. Nilikuwa nasema "Yesu, Yesu" kama mtoto anayeita mama yake. Saa tatu na nusu nilikuwa bado nimekaa. Wakatokea watu wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya karanga, wanapanda kutoka upande wa Kabambare, wameinama mpaka vifua vinagusa magunia. Wa mbele alikuwa mama mmoja mnene, kitenge kimefungwa kiunoni, jasho linamtiririka.

"Mama, kuna nini?" akaniuliza akihema.

"Ninaogopa kushuka."

Akanitazama, akaitazama pikipiki. "Unangoja mulima ushuke wenyewe?"

Nilicheka, jamani! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na katika kicheko kile niliona kitu kimeniachia shingo. Yeye alikuwa ameupanda na gunia zima la karanga, na mimi nina injini! Akaniambia nyuma ya kundi lao wamebaki wenzao wawili tu, wako chini ya kona ya mawe meupe, nijihadhari nao. Kona yangu ile ile!

Nikainuka. Nikawasha. Nikaingiza vitesi ya kwanza na kuachia klachi taratibu. Pikipiki ikaanza kushuka ikinguruma, inanung'unika kama mzee aliyeamshwa, lakini haikukimbia. Ilinishika! Mita moja baada ya nyingine. Matope yalikuwa yanateleza, nami niliweka miguu pembeni kama bata, wala sikuona aibu.

Ilipotokea kona ya mawe meupe niliwaona wale wawili, wamejaa katikati ya njia na baiskeli zao. Mtu anayesukuma gunia mlimani hawezi kusimama. Akisimama, mzigo unamrudisha chini. Ilibidi nisimame mimi. Na mkono wangu wa kulia ukainuka kwenda kwenye ufunguo. Niliuona unakwenda! Nikapiga kelele, "Kwa jina la Yesu, rudi!" na mkono ukarudi. Nikakanyaga freni kidogo, injini ikashika, pikipiki ikasimama hatua mbili kutoka gurudumu la baiskeli ya kwanza. Imesimama! Pale pale niliposimamishwa na mawe miaka saba iliyopita, nilisimama kwa miguu yangu.

Wale kaka wawili wakapita wakinitazama. Mmoja akasema, "Mama, umekemea nani?" Nikamwambia, "Mukono wangu!" Wakapanda wakicheka mpaka sikuwasikia tena.

Wapendwa, wengine hufunguliwa kwa kuanguka chini mbele ya madhabahu, na Bwana asifiwe kwa ajili yao. Mimi nilifunguliwa kwa kutoanguka. Kutoka kona ile mpaka chini niliimba sauti ya juu kuliko injini.

Nilifika ofisi ya Kabambare saa tano na dakika arobaini, matope mpaka kwenye nyusi. Karani alikuwa ameanza kufunga daftari.

"Dereva wako iko wapi?" akauliza, akichungulia nyuma yangu.

"Unamuona."

Akanitazama tena kutoka viatu mpaka kichwa. "Na umetoka wapi?"

"Kasongo, baba. Sasa piga muhuri, tafadhali, kabla saa sita haijafika."

Akapiga muhuri mara ishirini na mbili. Nilihesabu kila mlio, na ule wa mwisho ulipolia niliketi sakafuni mwa ofisi ya serikali na kumshukuru Mungu, karani amesimama hajui afanye nini.

Ninamshukuru Bwana aliyenihifadhi. Namshukuru Mzee Ramazani, na yule mama wa karanga ambaye sijui hata jina lake. Na Furaha sijamwacha. Juma lililopita nilikwenda Lusangi kwa pikipiki, peke yangu, tukaongea kwa muda mrefu. Hajakubali kurudi. Nitakwenda tena.

Ndugu zangu, labda wewe nawe una mahali ambapo mwili wako unagoma. Umefunga, umeomba, bado unatetemeka, na unadhani Mungu amekusahau. Mwamini! Muombe akupe mtu wa kukuonyesha, hata kama mtu huyo si yule uliyemtarajia, na akikuonyesha, fanya, huku unatetemeka vile vile. Bwana anatembea na wanaotetemeka.

Kesho asubuhi mtihani unaanza. Darasa la sita, simameni, kanisa liwaone. Msione haya, simameni wote ishirini na wawili! Hawa ndio niliowabeba mgongoni. Na wewe uliye na woga wako, toka hapo ulipo, njoo usimame katikati ya watoto hawa, tuwaombee pamoja. Njoo polepole, hakuna anayekukimbiza. Njoo.