Mestre Shaweji na Kelele ya Sekunde Tatu

Ameutumikia ushirika wetu wa magari hapa Palma miaka ishirini na nane na miezi minne. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mestre Shaweji Nassoro Bacar, fundi mkuu wa oficina yetu, yaani gereji, anavua ovaroli na kurudi nyumbani kwa Bi Haula, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kumwona mumewe akiwa na kucha safi.

Mestre ni mzaliwa wa Mucojo. Ufundi aliusomea Pemba, akaja kwetu Juni 1997 na sanduku moja la spana. Mafundi tisa wamepita mikononi mwake, na wote tisa wameshagombezwa kwa kutofuta mikono kabla ya kushika usukani. Mwaka 2021, tulipokimbia vita, yeye alichelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anazika sanduku lake chini ya sakafu ya oficina. Aliporudi alilichimbua, akasugua spana moja moja kwa dizeli, akazihesabu. Ilikosekana namba kumi na tatu. Mpaka leo anamshuku Tomás, mmoja wa wale tisa, na mpaka leo Tomás anaapa hakuigusa.

Ana mambo yake. Haketi ndani ya gari analolitengeneza, na hapendi kuambiwa gari "linaumwa kidogo". Tena ana amri yake, ambayo kila dereva wa hapa anaijua. Mwaka 2009 pikapu moja ililetwa ikivutwa kwa kamba, ikagoma kuwaka, ikakwama getini siku mbili, magari yote yakashindwa kutoka. Mestre akapandwa na hasira, akachukua rangi nyekundu, akaandika ukutani: GARI BARIDI HALIINGII. Tangu siku hiyo, anayempelekea Mestre gari huliosha kwanza, huliwasha, huliacha likapata moto barabara, ndipo hulivusha geti. Ikawa ndiyo adabu yetu. Kumpelekea mzee gari baridi na chafu ni sawa na kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiwa.

Sasa niseme la Aprili mwaka huu, maana bila hilo wasifu huu utakuwa wa uongo.

Nesi Rosita, anayesafiri na gari letu la wagonjwa, alilalamika kwamba injini ikiwashwa inasaga mawe, kisha inanyamaza. Dereva wake, Issufo, alilipeleka gari kwa Mestre. Mestre aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha mbele cha injini, mpini akaubana sikioni, akasikiliza. Kimya. Gari likarudi, Rosita akalalamika tena. Likaletwa mara ya pili, kisha ya tatu. Mestre akasema ni zima, na akaanza kuudhika. Watu nao wakaanza kunong'ona kwamba mzee masikio yamekwenda.

Mimi, Zubeida, mtunza stoo na mwandishi wa barua za ofisi, nilikuwa mmoja wa walionong'ona. Dona Célia, mkurugenzi wetu, aliponiagiza niandike barua ya kumstaafisha mapema kwa sababu ya usikivu, niliiandika vizuri sana. Nilitia hata neno "kwa masikitiko". Ilikuwa isainiwe Jumatatu. Fundi aliyeondolewa kwa uziwi hakuna atakayemwamini tena na injini yake, hata ya pampu ya maji, na sisi sote tulilijua hilo.

Jumapili alfajiri Mestre alikuwa anatoka msikitini. Issufo alikuwa anawasha gari akamchukue mama mjamzito huko Quitunda, na injini ilikuwa imelala usiku kucha. Ikatoa mlio wa sekunde tatu, mkavu, kama kokoto ndani ya kopo. Mestre alisimama katikati ya barabara akanyoosha mkono: zima! Akamuuliza Issufo mbona gari hili akiletewa halisemi hivyo. Issufo, kwa heshima zote, akamjibu kwamba huwa analiwasha nusu saa nzima kabla ya kumpelekea, kama alivyoamuru mwenyewe ukutani.

Mama yule alifuatwa na pikapu, akajifungua salama, binti. Gari la wagonjwa lilisukumwa kwa mikono mpaka oficina, baridi vile vile, na hilo ndilo gari la kwanza kuvuka geti bila moto tangu 2009.

Waliokuwapo mtakumbuka alivyotufundisha asubuhi ile. Ndani ya injini kuna cheni ya taimingi, inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na kuna kidude kinachoikaza, tunakiita tensori, kinachopata nguvu kwa oili. Injini ikilala, tensori mbovu inavuja oili yote. Asubuhi cheni inalegea na kupiga kelele mpaka oili ipande; ikishapanda, kimya. Mestre aliitoa tensori, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ilizama bila ubishi, na meno yake yalikuwa yamelika. Reli ya plastiki inayoongoza cheni ilikuwa imepasuka. Cheni ingeruka meno safari yoyote, valvu zigongwe na pistoni, na mgonjwa abaki porini. Alibadilisha vyote vitatu, tensori, reli na cheni yenyewe, akalinganisha alama za taimingi, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla hajaruhusu mtu kugusa ufunguo. Jumatano alfajiri tukaiwasha baridi. Haikusema kitu. Rosita alikaa chini palepale akacheka, na mimi, Alhamdulillahi, nilipumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

Dona Célia alinirudishia barua bila saini. Sikuweza kuichana nikanyamaza. Nilimpelekea Mestre, nikamwambia nimeiandika mimi. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho pale kwenye benchi, taratibu. Kisha akaikunja.

"Zubeida," akasema, "unaandika vizuri, mwanangu. Siku yangu ya kustaafu ikifika kwa haki, uniandikie wewe."

Jioni ile alichukua chokaa akaufuta ule mwandiko mwekundu ukutani kwa mkono wake, akafanya kazi miezi sita mingine mpaka tarehe yake halali. Alipotangaza siku, Dona Célia alitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye cheo. Mestre akakataa, akanitaja mimi.

Basi Mestre, siku imefika, na imefika kwa haki. Nimeandika. Ahsante kwa magari, kwa mafundi tisa, na kwa barua uliyonikunjia. Ukae kwa raha na Bi Haula, na Mola akupe umri mrefu wa kusikia mema.