Maisha ya Baba Mapacha, Fundi wa Pampu na wa Gia ya Tatu

Wasifu huu uliandikwa kwanza na ndugu zake, nao walisema marehemu "aliugua ghafla." Mke wake aliyafuta maneno hayo kwa kalamu nyekundu ya binti yake mwalimu. Hakukuwa na ghafla yoyote.

Marehemu, tuliyemwita sote Baba Mapacha, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake, aliyekuwa akipaka grisi mabehewa, alianguka kazini akafa akiwa na miaka hamsini na tisa. Watu wakasema ni uchovu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akasoma chuo cha ufundi miaka miwili. Akiwa darasa la tano alifungua kufuli la stoo ya shule ili aone linavyofanya kazi. Alilirudisha, likafunga vizuri kuliko mwanzo, akachapwa hivyo hivyo. Mama yake anasema hakulia; aliuliza tu kama anaweza kulitia mafuta.

Mwaka 1989 aliajiriwa idara ya maji, akadumu miaka thelathini na tano. Pampu ikianza kukohoa, aliweka ncha ya bisibisi kwenye ganda lake, mpini sikioni, akakuambia beringi ipi imekufa. Chuma hakikuweza kumficha ugonjwa wake. Yeye aliweza kuwaficha watu wa kwake.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa mapacha wa kike. Watoto wakipigwa sindano, ni yeye aliyewashika, kwa maana mama yao hakuweza kutazama.

Alipostaafu alinunua pikipiki ya mwaka 1961, iliyomzidi umri kwa miaka saba. Injini ilikuwa nzima, lakini gia ya tatu ilikuwa inaruka: ukiiweka, inachomoka yenyewe. Akashusha giaboksi, akaiingiza ndani, akatandika shuka la wageni juu ya meza ya kulia. Kila kipande alikipanga kufuatana na kilivyotoka, akakizungushia penseli ili kisihamie kwa jirani. Miezi saba familia ilikula sahani zikiwa magotini. Aliifungua, akaifunga, ikaruka. Akaifungua tena. Hakuitukana hata siku moja. "Chuma hakina kiburi," alisema. "Mimi ndiye sijakielewa." Laiti angeupa mwili wake nusu ya subira hiyo.

Tarehe 9 Januari mwaka huu zahanati ilimpima presha, ikakutwa juu mno. Daktari alimpa vidonge, akamwambia, mke wake akiwa amekaa pale pale: "Vikikulegeza, rudi tubadilishe. Usiache." Tangu hapo kila asubuhi mke wake alimpa maji, akamsimamia.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Mama Mapacha. Au nikufungulie kinywa kama ng'ombe wa mnadani?"

Alicheka, na mke wake akacheka. Mke aliyaona macho ya mumewe mekundu. Aliona anavyojishika kisogo. Kila akiuliza, aliambiwa ni usingizi.

Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, alizungusha shafti ya giaboksi kwa mkono, akaita: "Njoo uone, imekaa!" Mke wake alipotoka jikoni, mdomo wa mumewe ulikuwa umekwenda upande. Kiharusi. Alifariki Jumanne tarehe 17, saa tano asubuhi.

Jana mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa mezani akitafuta washa, kipete cha chuma, ya kufungia kifuniko cha giaboksi. Alifungua kopo la marehemu la vipuri. Juu kulikuwa na washa kadhaa. Chini yake, vidonge vya presha thelathini na nane.

"Shemeji, usikasirike," alisema. "Vilikuwa vinamlegeza mikono, hawezi kushika springi. Hata mimi vyangu nimeacha. Nilimwambia, vitu hivi ukianza, huachi."

"Na kula ulianza lini? Mbona hujaacha?"

"Vinalegeza mwili, shemeji."

"Mwili uliolegea unalazwa kitandani. Kaka yako kesho tunamlaza wapi?"

Mdogo wake aliomba tu apewe giaboksi akaimalizie. Jibu lake ni hili, nalo lisikike mbele ya wote: hapati hata nati moja mpaka arudi kwenye dawa. Na wale marafiki wake wa gereji mliojua kuwa ameacha vidonge, mkanyamaza kwa sababu aliwaapisha, kiapo chenu mmekitunza vizuri. Kitazameni kilipofika.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, dada wawili, kaka mmoja, na mdogo wake dereva wa lori, mwenye presha ile ile, watoto wanne wadogo, na safari ya kilomita mia sita wiki ijayo.

Mungu ampumzishe Baba Mapacha. Mdogo wake bado hatumwombei pumziko. Aje zahanati Jumatatu saa mbili asubuhi. Shemeji yake atakuwa ameshamshikia foleni.