Ukanda wa Kijani Uliomshtaki Mzee Bulaimu

Wasikilizaji wapendwa, tumefiwa. Mzee Bulaimu wa ukoo wa Wamaza hatunaye. Mwenye redio mbali aisogeze, maana maisha yake hayataki kusikilizwa nusu.

Bulaimu alizaliwa chini ya mlima wa ukoo wao, huko Kabambare, Kongo. Juu kulikuwa na majani marefu ya kuezekea nyumba, na mashamba ya maharage. Kisha wazungu wakaleta ng'ombe. Watu wakashushwa bondeni. Ng'ombe wakala, wakakanyaga, mpaka mlima ukatoka kipara, udongo mwekundu nje.

Mwaka wa 1949 akafika Bwana Agronome, mzungu wa mambo ya kilimo, na magunia ya mbolea ya kiwandani, nyeupe, chenga-chenga. Akatangaza mbele ya watu wote: majani yakiota tena, ng'ombe wanabaki. Yasipoota, ng'ombe wanaondoka. Shikeni neno hilo, wasikilizaji. Yakiota, mlima umekwenda. Yasipoota, mlima unarudi kwa wenyewe.

Na nani alichaguliwa kumwaga mbolea? Bulaimu, kijana wa ukoo huohuo! Kukataa ni fimbo, na gereza la Kasongo. Kukimbia nako hakuna. Bila karatasi ya ruhusa hukufika hata Lusangi. Maji yalimfika shingoni.

Mama yake, Célestine, alimwambia: "Mutoto yangu, ukimwaga ile dawa, mulima inaenda. Ukikataa, ni weye unaenda. Sasa mimi nitalilia nani?"

Bulaimu akatafuta werevu wake. Alirusha konzi chache tu, weupe uonekane. Mbolea iliyobaki aliiangusha korongoni, akaifunika kwa matawi. Magunia matupu akayarudisha, ametulia kama mtu aliyetoka kusali.

Mvua zikanyesha. Mlimani, kipara kilekile. Bondeni wanawake walianza kunoa majembe, na Bulaimu akaonekana akicheka.

Lakini mbolea haijui kujificha. Maji yaliitoa korongoni, yakaishusha ubavuni mwa mlima, na kila yalipopita pakaota ukanda wa majani mazito, ya kijani kibichi, hata aliyekuwa mbali aliuona. Binti yake, Apolline, anasimulia: "Baba alienda kuyang'oa na mikono. Anang'oa, anang'oa. Mvua ikinyesha, yanarudia. Alisema hata vidole vilitoka damu."

Bwana Agronome aliufuata ukanda ule kutoka chini mpaka korongoni. Watu walingoja akasirike. Akacheka. Sasa alijua kwamba mbolea yake ina nguvu katika udongo ule.

Bulaimu alichapwa fimbo mbele ya mama yake. Kisha akarudishiwa magunia, safari hii na askari nyuma yake. Alimwaga mbolea mwaka hata mwaka, mpaka wazungu walipoondoka. Mlima ukarudi kuwa kijani, na watu wa ukoo wake wakautazama kutoka chini.

Uhuru ulipokuja, ukoo ulipanda mlimani kulima. Bulaimu hakupanda. Mama Célestine alikuwa amekwisha kufa bondeni, akiungoja mlima wake.

Wenzake walikuwa wakimtania, na utani mwingine una meno: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Naye alikubali, akainamisha kichwa. Wasikilizaji, hapo mimi naumia. Mwiba ule alipewa na nani?

Siku alipoona mwisho unakaribia, alimwita Apolline. "Munizike hapa chini, pembeni ya mama," alisema. "Na majani isiote juu yangu."

Basi tangu tumzike, kila asubuhi Apolline anapiga magoti kaburini, anang'oa kila jani linalochomoza. Na mvua, kama mnavyojua, bado zinanyesha.

Apolline, wajukuu, na ukoo wote wa Wamaza, pokeeni pole yetu. Ni pole ileile ambayo mzee wetu alinyimwa, na tunaileta tumechelewa. Nasi tuliobaki, kabla hatujamhukumu mtu kwa kazi ya mikono yake, tuulize kwanza ni nani aliyekuwa ameishika mikono hiyo.